Hakuna Hitilafu Iliyoonekana

Mimi ni mkunga, na kazi yangu ni masikio. Watu hudhani ni mikono. Mikono inapokea, sawa, lakini kabla ya kupokea kuna masaa ya kusikiliza, na huko kusikiliza ndiko kunakoamua nani atoke salama. Unachukua kile kipembe cha mbao, unaweka mdomo wake mpana tumboni kwa mama, unabandika sikio upande wa pili, mkono mmoja unamshika mama mapigo ya kifundo cha mkono, halafu unanyamaza kabisa. Ukitulia, unausikia. Moyo mdogo, wa mbali, una haraka zake. Miaka thelathini na mmoja nimefanya hivyo, na haki ya Mungu kila nikiusikia mwili unanisisimka. Kuna mtu mle ndani! Hajaona jua hata siku moja, na tayari ana haraka.

Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba sisikii vizuri, nilitaka kumrarua mtu.

Aliyeniambia ni mkamwana wangu. Ni mke wa mwanangu wa kwanza, na hapo hapo ndiye msimamizi wa wodi ya wazazi ninapofanya kazi. Nyumbani ananiita mama na kuninyang'anya vyombo nisioshe. Kazini ndiye anayepanga zamu zangu. Tuliishi hivyo miaka minne bila neno. Kisha siku moja akaja mama ambaye uchungu umemkolea, jasho linamtiririka, moyo wake mwenyewe unakwenda mbio. Nikapima, nikaandika mapigo ya mtoto mia na thelathini, safi kabisa. Mkamwana akapita nyuma yangu, akapima tena, akapata tisini. Hakuniuliza kitu. Alipiga kelele, machela ikaletwa, mama wa watu akakimbizwa chumba cha upasuaji, na mtoto akatolewa mzima, analia kwa hasira.

"Nilisikia mia na thelathini," nikamwambia baadaye. "Kwa masikio yangu haya. Moyo ulishuka nilipoondoka."

"Labda, mama," akasema. "Lakini hata simu yako siku hizi inaita mpaka inakata, na iko mfukoni mwako. Nenda kapimwe masikio."

Sikwenda. Niende kupimwa mimi, niliyemfundisha yeye kushika kipembe? Wiki iliyofuata nikaiona fomu mezani kwake. Uhamisho: kutoka chumba cha kujifungulia kwenda kliniki ya watoto, kupima uzito. Haikuwa na saini bado. Yaani niamke kila asubuhi nikawaning'inize watoto wa watu kwenye mzani kama viazi! Siku hiyo nilijifungia chooni pale kazini nikalia, nikanawa uso, nikarudi kazini.

Sasa njoo kwenye gari. Mwezi ule ule nilikuwa nimenunua gari jipya, jipya la kweli, viti bado vina nailoni. Maishani mwangu sikuwahi kuwa wa kwanza kukalia kitu chochote. Siku ya kulichukua nilizunguka mara tatu bila kuligusa, nikishangaa jinsi milango yote inavyokaa sawa na mwili wa gari, huoni hata pa kupitisha ukucha. Yule kijana wa mapokezi, wa shati jeupe na tableti, alinisubiri kwa adabu. "Chukua muda wako, mama," akasema. Angejua muda wake nitakaokuja kuuchukua, asingesema.

Siku ya nne nikaisikia. Barabara ni lami laini, mwendo sitini hivi. Tik. Kimya kidogo. Tik-tik. Tik. Kitu kidogo mno, kama mtu anagonga kwa ukucha akiogopa kuwaamsha wenye nyumba. Nikipunguza mwendo kinapotea, nikiongeza kinapotea. Nikirudi sitini, tik.

Mkamwana alikuwa pembeni yangu. Tulikuwa tukienda kazini pamoja.

"Unaisikia hiyo?"

"Nini, mama?"

"Hiyo! Tik, tik-tik. Hiyo hapo!"

Akainamisha kichwa, akasikiliza kweli kweli, hilo siwezi kumnyima. Kisha akanitazama kwa yale macho tunayowatazamia wagonjwa tusiotaka kuwatisha. "Sisikii kitu, mama," akasema polepole.

Damu ikanichemka. Nikasimamisha gari kando ya barabara, nikamgeukia. "Haya. Tufanye hivi. Gari linarudi kwa waliotengeneza. Wakiipata hii kelele, ile fomu unaichana mbele yangu na habari ya masikio inakufa. Wasipoipata mpaka mwisho wa mwezi, naisaini mwenyewe, na kupimwa nitapimwa."

"Mama, sikutaka iwe mashindano."

"Imeshakuwa."

Akafikiri kidogo, akanipa mkono. Mkamwana wangu akishakupa mkono, hageuki.

Mara ya kwanza kampuni walikaa na gari siku tatu. Wakalirudisha limeoshwa, linanukia maua, na karatasi juu ya kiti: "Mteja anadai kusikia sauti. Hakuna hitilafu iliyoonekana." Anadai! Nilirudi mapokezi na ile karatasi nikiwa nimeikunja kama ya kupigia nzi.

"Kijana wangu, aliyeandika hapa 'anadai' ni nani?"

"Ni mfumo, mama. Unajiandika wenyewe."

"Basi mwambie mfumo wako mimi sidai. Mimi nasikia."

Mara ya pili nikaomba niende na dereva wao wa majaribio. Mwanamume akaingia, akafunga mkanda, akawasha redio. Akatuzungusha uani, mara mbili, mwendo wa kobe, huku anaimba. "Liko vizuri, mama. Gari jipya hili," akaniambia, na kushuka akashuka. Nilibaki kwenye kiti nimeduwaa, maana kuna ujinga mwingine ukiuona lazima uuvulie kofia.

Mara ya tatu wakasema tatizo huenda liko kwenye programu. Wakaliunganisha na kompyuta siku mbili. Lilipotoka, tik ilikuwepo vile vile, lakini sasa gari lilikuwa linazungumza lugha nisiyoijua. Kila nikifungua mlango linanisomea risala. Nikawapigia simu. Kijana wa mapokezi akaniambia niende kwenye mipangilio, na mipangilio nayo imeandikwa kwa lugha hiyo hiyo. Mwanangu aliposikia alicheka mpaka akakaa chini, lakini mkewe hakucheka. Aliniondolea kikombe mkononi, akaenda kukiosha.

Zikabaki siku mbili mwezi uishe. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeanza kuogopa. Ukiwa peke yako kati ya watu wote duniani unayesikia kitu, inafika saa unajiuliza. Nilianza kulala nikijisikiliza. Je, kama wako sawa? Je, kama hiyo tik iko kichwani mwangu, na yale mapigo mia na thelathini nayo yalikuwa kichwani mwangu? Wazo hilo nilikuwa nikilifukuza linarudi.

Mara ya nne sikuwaachia gari. Nilipita mapokezi moja kwa moja nikaingia nalo gereji, nikazima, nikashuka, nikavuta kreti nikakaa.

"Mama, huku wateja hawaruhusiwi," msimamizi wa gereji akaniambia. Ni mtu mnene, mpole, na kalamu sikioni.

"Basi mniite mwizi. Siondoki mpaka mtu mmoja humu ndani aisikie."

Mafundi wakakusanyika, sita au saba, wa ovaroli za buluu. Nikawaeleza. Nikawapigia ile tik kwa kucha juu ya boneti, jinsi inavyokwenda, ili waijue: tik, tik-tik, tik. Wakatazamana. Mmoja akakohoa kuficha kicheko.

"Mama, wote hawa wameshalijaribu," msimamizi akasema. "Amebaki Kimya tu. Na Kimya hasikii."

Hapo wakashindwa kujizuia, wakacheka. Kimya ndilo jina walilompa fundi wao mmoja, kiziwi tangu kuzaliwa, mtu wa makamo, mkavu, mwenye masharubu. Kazi yake ilikuwa magurudumu na breki. Nani angempa kiziwi kazi ya kutafuta kelele? Wakati huo alikuwa ameegemea boneti yangu upande wa pili, akifuta spana, wala hatazami midomo yetu. Nikaona mkono wake umetulia juu ya bati. Akaninyooshea kidole, akagonga mara moja hewani. Rudia.

Nikarudia. Tik, tik-tik, tik.

Akafumba macho. Alipoyafumbua akafuta mikono, akatoa penseli, akaandika nyuma ya karatasi ya kazi: *Twende. Endesha wewe.*

Kabla ya kupanda akavua viatu na soksi, akaviacha pale sakafuni vimepangwa. Wenzake hawakushangaa, inaonekana wamezoea. Mimi nilishangaa, lakini nikasema moyoni, aliyeimba na redio alikuwa na viatu.

Nyuma ya gereji kuna barabara ndefu ya lami inayopita maghala. Nikaingia sitini. Tik. Nikamtupia jicho. Kimya alikuwa amekanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, kichwa amekilaza kwenye kiti, na mikono inatembea. Aligusa mlango, akatikisa kichwa. Akagusa kioo kwa ncha za vidole, akatikisa kichwa. Dashibodi, kwa kiganja kizima, muda mrefu. Hapana. Akainama akashika chini ya kiti changu. Hapana. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Nimeona madaktari wakubwa wakimpapasa mgonjwa huku akili iko kwenye chakula cha mchana. Huyu akili yake yote ilikuwa imeshuka kwenye vidole, na mimi nikajikuta nimebana pumzi nisimsumbue, kana kwamba angenisikia.

Kisha akanyoosha vidole viwili akaviweka kwenye usukani, karibu na mkono wangu.

Uso wake ukabadilika. Hakutabasamu. Alitulia, vile anavyotulia mtu aliyeitwa jina lake. Kwa mkono wa pili akaanza kunigonga begani, taratibu, kwa kidole kimoja: tik. Akasubiri. Tik-tik. Tik.

Ilikuwa yenyewe! Sawa na ninayoisikia mimi, kwa wakati ule ule, bila kuchelewa hata kidogo. Mwezi mzima nimebeba ile kelele peke yangu, nimeitwa mdai, nimechekwa, na sasa mtu ambaye hajawahi kusikia hata jina lake ananigongea begani ile ile. Machozi yalinitoka nikiwa naendesha. Nikapiga kelele, "Ndiyo! Ndiyo hiyo!" Yeye hakunitazama, maana alikuwa bado anaifuata.

Akaniashiria nisimame, tubadilishane. Alitaka kuushika usukani kwa mikono miwili. Nikahamia kiti cha abiria, na yeye akaingia sitini vizuri kabisa.

Kelele ikakata.

Nikasubiri. Nikainamisha kichwa vile mkamwana alivyoinamisha. Hakuna. Nikadhani amepitiliza mwendo, nikachungulia: sitini. Lakini Kimya, mkono wa kushoto kwenye usukani, wa kulia alikuwa anagonga paja lake: tik, tik-tik, tik. Akanitazama kwa furaha, nyusi juu, kama anayeuliza, si ndiyo?

Nikanyoosha mkono nikashika usukani. Tik. Nikaachia. Hakuna. Nikashika. Tik-tik. Nikaachia. Nilifanya hivyo mara nyingi, sijui mara ngapi, mpaka Kimya akapunguza mwendo akasimama, akageuka kunitazama.

Sikuwahi kuisikia. Hata siku moja. Ilikuwa inapanda kwenye mikono yangu, na mikono ikaipeleka kichwani, na kichwa kwa kuzoea kazi yake kikaniambia: hiyo ni sauti. Nilikaa pale nimeitazama mikono yangu mwenyewe kama ya mtu mwingine. Wale mafundi wote walishika usukani ule ule wakisikiliza kwa masikio, na masikio yao mazima hayakupata kitu kwa sababu hakukuwa na kitu cha kusikia. Binadamu ana milango mingi kuliko ninavyojua, nami nimeshinda miaka thelathini kwenye miili ya watu. Nilishangaa mpaka nikasahau kufurahi.

Halafu wazo jingine likaingia, na hili sikuweza kulifukuza. Mkono wangu siku ile wodini ulikuwa umemshika yule mama mapigo ya kifundo cha mkono. Sikio liko kwenye kipembe, mkono uko kwenye kifundo cha mkono wa mama, na moyo wa mama unakimbia. Mia na thelathini. Nilihesabu moyo wa mama nikaandika kuwa ni wa mtoto, na ningeapa mbele ya Mungu kwamba nimeusikia.

Kimya aliona ninavyolia, akachanganyikiwa. Akaandika haraka: *Nini? Tumeipata!*

Nikachukua penseli. *Umejuaje kutafuta kwa mikono?*

Akanitazama kama nimeuliza swali la ajabu. *Breki naijua kwa mguu wa kushoto,* akaandika. *Injini kwa makalio.* Akacheka, kicheko cha pumzi tupu, na mimi nikacheka na kamasi zangu.

Tuliporudi gereji, alifungua kifuniko cha chini ya usukani kwa bisibisi moja. Nilipiga magoti pembeni nikimmulikia tochi. Ndani kulikuwa na nyaya, mafungu kwa mafungu, za kila rangi, zimelala kwa mpangilio, zimepinda palipotakiwa kupinda, na kila fungu lina mahali linapokwenda. Mtu fulani mahali fulani alizilaza zote hizo gizani akijua hakuna atakayemsifu. Na katikati ya zote, soketi moja nyeupe, kubwa kama punje ya mahindi, ilikuwa imening'inia. Haikusukumwa kwenye kishikio chake. Gari likitikisika kiasi fulani, linaigongesha kwenye mhimili wa usukani. Basi. Kimya akaisukuma kwa kidole gumba. Ikaingia.

Mara nne nimekuja, siku tano gari limelala kwao, kompyuta imeunganishwa, lugha imepotea, na dawa yake ilikuwa kidole gumba kimoja.

Mafundi hawakucheka tena. Walikuja mmoja mmoja wakachungulia, na mmoja akampiga Kimya mgongoni. Msimamizi akavua ile kalamu sikioni akaandika mwenyewe, kwa mkono, na mfumo usiambiwe: "Hitilafu imepatikana. Soketi imebanwa." Kijana wa mapokezi akaniletea ile karatasi mpaka mlangoni.

"Pole sana kwa usumbufu, mama. Umeridhika sasa na huduma yetu?"

"Mwanangu," nikamwambia, "usiniulize leo." Na siku hiyo sikuwa na matusi ya kumpa.

Nilimkuta mkamwana ofisini kwake, amezungukwa na mafaili. Nikaweka karatasi mezani. Akaisoma mara mbili. Nikaona mabega yake yanashuka, kwa raha ya kweli, maskini. Hakuwa ametaka kushinda. Akavuta droo, akatoa ile fomu, akaishika kwa mikono miwili ili aichane.

"Neno ni neno, mama. Samahani sana. Nilikudharau."

Nikamshika mikono. "Usichane."

"Lakini wamekiri ipo! Masikio yako yalikuwa sawa muda wote."

Nikafunga mlango, nikakaa, nikamweleza. Nilimweleza kuhusu Kimya na vidole vyake viwili, jinsi alivyonigonga begani, na jinsi kelele ilivyokata nilipoachia usukani. Alikuwa anasikiliza mdomo wazi, mpaka nilipofika kwenye kifundo cha mkono wa yule mama, na hapo akaufunga. Alikuwa ameelewa kabla sijamaliza. Ni mkunga mzuri; nilimfundisha mimi.

"Mikono inajua mambo mengi," nikasema. "Kichwa cha mtoto kiko wapi, mgongo uko wapi, amegeuka au hajageuka. Lakini moyo wake haushikiki. Moyo wake unasikika tu."

Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye mafaili wala hayafuti. Nje, kupitia kioo cha mlango, nilimwona mwanamke mmoja anapita ukumbini akisaidiwa na mamake, amelishika tumbo lake kwa mikono miwili, na midomo ya wote wawili ilikuwa inacheza. Sikujua wanasema nini. Zamani ningejua.

"Mama," mkamwana akasema, "tungoje kwanza vipimo. Pengine si vibaya hivyo."

"Vipimo nitakwenda kesho. Leo nipe kalamu."

Akanipa. Nikasaini haraka, maana najijua.